Korosho zikilipa, afya ianzie wapi? Mwenendo, bima na sera vikilinganishwa

Malipo ya mnada yakishaingia benki, Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa na kwingineko kusini mwa Tanzania hufunguka mjadala uleule kila mwaka. Mabati au pikipiki? Ada au unyago wa binti? Afya huletwa mwishoni, na ikiletwa watu hugawanyika makundi matatu. Wapo wanaosema tule vizuri, tuache pombe, magonjwa yatapungua yenyewe. Wapo wanaosema tukate bima wakati fedha ipo. Na wapo wanaosema yote hayo ni kumtwisha mkulima mzigo usio wake, kwamba kinachotakiwa ni serikali na halmashauri kubadili kodi, bei na bajeti.

Nimekaa kwenye kamati ya zahanati na kwenye mikutano ya ushirika, na makundi yote matatu nimeyasikia yakizungumza kwa nia njema. Naandika kwa ajili ya kaya, kikundi au chama ambacho nguvu na fedha zake zinatosha kuanza na njia moja, na hakijajua ipi.

Vipimo vinne

Kila njia nitaiuliza maswali haya:

1. Fedha inatoka kwa nani?
2. Matokeo yanaonekana baada ya muda gani?
3. Uamuzi uko mikononi mwa nani?
4. Mwezi wa tatu itakuwa bado imesimama?

Swali la nne ni letu watu wa kusini, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Fedha ya korosho huja mwanzoni mwa mvua. Malaria, njaa ya kabla ya mavuno na barabara za tope huja fedha ikiwa imekwisha. Jambo lolote la afya linaonekana zuri mwezi wa kumi na moja. Lipime mwezi wa tatu.

Mjomba wangu wa Tandahimba alikuwa na presha. Novemba, malipo ya kwanza yalipoingia, alinunua vidonge vya miezi miwili. Januari akaanza kumeza kimoja kila baada ya siku moja ili vimfikishe mbali. Februari bahasha ya dawa ilikuwa juu ya kabati, imekunjwa vizuri, tupu. Mwezi wa tatu alianguka akipalilia mahindi, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki. Ili apate usafiri na kulazwa, mke wake alichukua fedha ya kangomba: mnunuzi analipa leo, korosho atazichukua msimu ukifika, kwa bei isiyofika nusu ya mnada. Msimu uliofuata hakuna gunia la mjomba lililofika ghala la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika. Ugonjwa mmoja ulikula mavuno ya mwaka ambao ulikuwa haujaanza.

Ukiitazama habari hiyo utaona njia zote tatu ndani yake: chumvi na dawa zilizokatishwa, bima ambayo haikukatwa, na uchumi unaolipa mara moja kwa mwaka.

Njia ya kwanza: kubadili mwenendo wa maisha

*Fedha.* Kidogo, na inatoka kwa kaya yenyewe. Mengine hayana gharama kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo ndani ya chakula. Kwetu chumvi haiji na kachumbari peke yake. Inakuja na papa na ng'onda. Anayeroweka samaki wa chumvi usiku kucha na kumwaga maji yale kabla ya kupika amepunguza sehemu kubwa bila kutoa hata shilingi.

*Muda.* Inategemea jambo. Presha huweza kushuka ndani ya wiki chache mtu akipunguza chumvi. Kisukari na moyo ni hesabu ya miaka. Jambo moja la jikoni, hata hivyo, linaleta matokeo siku hiyohiyo, na sijui kwa nini halisemwi kwenye kila kliniki ya kusini.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Wazee wetu wana njia ya makopa: muhogo unamenywa, unaanikwa siku nyingi, ndipo unatwangwa. Ipo pia chinyanya, njia ya mkato: muhogo unatwangwa, unaanikwa juani, unatwangwa tena, na jioni unaliwa. Mwaka wa ukame chinyanya ndiyo inayoshinda. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wilayani Masasi, watu waliugua baada ya kula ugali wa muhogo usioandaliwa vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ukapata wagonjwa wa konzo, maradhi yanayopoozesha miguu ghafla na yasiyopona. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kinga iliyobuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia inahitaji bakuli na maji tu. Weka unga kwenye bakuli, usawazishe bila kushindilia, na utie alama kwa ndani palipofikia unga. Mimina maji kidogokidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda; ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye jamvi, unene usizidi sentimita moja, uuache saa tano kivulini au saa mbili juani. Sumu inatoka na hewa. Songa ugali siku hiyohiyo.

*Uamuzi.* Uko ndani ya nyumba, na hapo ndipo nguvu ya njia hii ilipo. Nchi hii iliwahi kuutumia uamuzi huo kwa upana: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu karibu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi. Haikuwa hotuba ya mara moja. Watu walikutana, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kufanya, wakarudi tena.

*Mwezi wa tatu.* Hapa inayumba. Hakuna mama anayechagua chinyanya kwa kuipenda. Anaichagua kwa sababu watoto hawajala tangu jana. Ushauri wa kunawa mikono ni mwepisi kutamka, lakini juu ya uwanda wa Makonde maji yako chini sana na ndoo ina bei. Na kumwambia mama anayeinama shambani tangu alfajiri kwamba afanye mazoezi dakika 150 kwa wiki ni kumkosea. Ushauri huo una watu wake: karani wa ofisini Mtwara mjini, mwenye duka, dereva wa bodaboda anayekaa juu ya kiti siku nzima.

*Inamfaa nani.* Kaya isiyo na mgonjwa wa kudumu, kijiji kinachotegemea muhogo, mjini kwa wanaokaa kutwa, na kila mnywaji anayejua moyoni kwamba nipa, pombe kali ya tunda la korosho, imeshaanza kumtawala. Haimtoshi aliyekwisha kuugua. Mjomba alihitaji kupunguza chumvi, ndiyo, lakini alihitaji vidonge kila siku.

Njia ya pili: bima na kuchangiana kabla ya kuugua

*Fedha.* Inatoka kwa kaya, lakini kwa mkupuo na mapema. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 uliweka shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita, kwa huduma kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta mpango mpana zaidi, na viwango vya zamani si vya kutegemea tena, kwa hiyo pita ofisi ya mtendaji uulize kiwango cha sasa na kitita chake, yaani huduma zinazolipiwa, kabla ya kutoa fedha.

Nitatumia ile 30,000 kwa mfano wa hesabu. Chama cha msingi kikikusanya tani 500, ambazo ni kilo 500,000, na wanachama wakakubaliana makato ya shilingi 20 kwa kilo, zinapatikana shilingi 10,000,000. Hizo zinalipia kaya 333. Mwenye kilo 300 amekatwa shilingi 6,000; mwenye tani tano amekatwa 100,000. Wote wana kadi ya aina moja. Wengine watasema mwenye shamba kubwa ameonewa, na hoja hiyo inastahili kujibiwa mkutanoni kabla ya kura, tena mbele yake. Jibu langu ni kwamba vibarua wanaookota korosho zake wakilala na malaria Oktoba, hasara ni yake pia.

*Muda.* Kadi ikianza kufanya kazi, matokeo ni ya siku ileile mtoto anapochemka. Lakini bima haizuii ugonjwa. Inazuia kangomba.

*Uamuzi.* Nusu ni wa kaya au chama, nusu ni wa wengine. Wewe unaamua kulipa. Huamui kama dawa zipo. Malalamiko niliyoyasikia mara nyingi kuliko yote kwenye kamati ni ya mtu mwenye kadi mkononi anayeambiwa dawa akanunue dukani. Mwaka unaofuata halipi, na jirani yake anayemsikiliza halipi. Wanaobaki ni wagonjwa peke yao, na mfuko wa wagonjwa peke yao haudumu. Kwa hiyo kabla kikundi hakijalipa, nendeni zahanati mkaulize dawa za presha, kisukari na malaria zilikosekana siku ngapi miezi mitatu iliyopita. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi ya kituo ina haki ya kuziona na kuzihoji.

*Mwezi wa tatu.* Hapa bima inashinda njia zote. Imelipwa Novemba, inafanya kazi Machi. Ni kama chakula kilichowekwa ghalani.

*Inamfaa nani.* Kaya yenye mgonjwa wa presha, kisukari au selimundu, au yenye watoto waliokwisha kuvuka miaka mitano. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wana msamaha kwa mujibu wa sera, hivyo nyumba yenye bibi na mjukuu mchanga pekee iulizie kwanza msamaha huo. Bima ina ugumu kwa kibarua asiye na shamba na kwa mvuvi wa Kilwa au Mikindani anayepata kidogo kila siku. Huyo mkupuo humshinda hata kama kwa mwaka mzima fedha anayo.

Njia ya tatu: sera za uchumi

*Fedha.* Inatoka kwa wote, kupitia kodi na bei. Ngazi ni tatu, na watu hukosea kuitazama ya juu peke yake.

Ya juu ni taifa. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za serikali zao kwa afya. Nchi nyingi hazijafika. Sheria ile ya bima ya 2023 imetaja ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na vipodozi, pamoja na kodi ya michezo ya kubahatisha, kati ya vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo. Kodi ya namna hiyo ina kazi mbili: inaleta fedha, na inapunguza unywaji. Meksiko ilipoanza kutoza peso moja kwa lita ya vinywaji vya sukari Januari 2014, ununuzi ulishuka kwa takriban asilimia 6 mwaka wa kwanza.

Kwetu kuna tatizo ambalo Meksiko halikuwapo. Bia ikipanda bei, mnywaji wa Newala haendi kwenye maji. Anakwenda kwenye uraka, pombe ya tunda la korosho lililochachuka, na uraka ukiisha kwenye nipa, ambayo hailipiwi ushuru wala haipimwi na mtu. Mabibo, yaani matunda yenyewe ya korosho, yanaoza chini ya kila mkorosho. Kodi ya pombe bila soko lingine la mabibo inaweza kumhamisha mtu kutoka chupa mbaya kwenda mbaya zaidi. Tunda hilohilo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Likikamuliwa maji ya kunywa, likakaushwa au kupikwa jamu, ni chakula na ni mauzo. Hilo ni jambo la uchumi lenye sura ya afya, nami naona linafaa kupiganiwa kabla ya kupandisha bei ya bia.

Ngazi ya kati ni halmashauri. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei ya mkulima, hivyo kilo ikiuzwa shilingi 3,000, shilingi 90 zinakwenda halmashauri. Zidisha kwa tani za wilaya nzima. Swali la kumwuliza diwani ni dogo na lina jibu: shilingi ngapi kati ya zile 90 zilirudi zahanati, na zilifika mwezi gani?

Ngazi ya chini ni bei na kazi. Stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ilipoanza mwaka 2007 iliitwa sera ya kilimo, lakini kwa aliyekuwa akiuza kwa kangomba ilikuwa pia sera ya lishe. Kubangua ni hivyohivyo. Viwanda vilivyojengwa kusini miaka ya 1970 na 1980 vingi vilifungwa, na sehemu kubwa ya korosho bado huondoka ghafi. Mwanamke mwenye ujira wa kubangua mwezi wa tatu hahitaji semina ya lishe ili kununua maharage.

*Muda.* Mrefu. Bajeti ya taifa husomwa Juni na mwaka wa fedha huanza Julai. Kiwanda ni miaka. Soko la mabibo laweza kuanza msimu mmoja kikundi kikiwa na umeme na maji safi.

*Uamuzi.* Uko mbali na jiko lako, ila si mbali kama watu wanavyodhani. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, na mapendekezo ya bajeti ya wilaya huanzia huko.

*Mwezi wa tatu.* Ikifanikiwa, ndiyo njia pekee inayoubadilisha mwezi wenyewe, kwa kuleta kipato pasipokuwa na kipato. Isipofanikiwa, haikusaidii chochote ukiwa na mgonjwa juu ya baiskeli.

*Inamfaa nani.* Madiwani, viongozi wa ushirika, mashehe na mapadre wanaosikilizwa, vikundi vilivyokwisha kujipanga. Haimfai mtu aliye peke yake na shida ya leo.

Je, lazima kuchagua?

Mkoa wa North Karelia, Ufini, ulikuwa na vifo vingi vya moyo. Kuanzia mwaka 1972, chini ya daktari kijana Pekka Puska, walianza na siagi, chumvi na sigara: kina mama wakafundishana mapishi kijijini. Lakini uchumi wa mkoa ulikuwa ng'ombe wa maziwa, na kumwambia mfugaji watu waache siagi ni kumwambia afe njaa. Wakasaidiwa baadhi yao kugeukia kilimo cha matunda madogo ya huko, na sheria na viwanda vya vyakula vikafuata. Ndani ya miongo minne vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wao walianza na mwenendo, na uchumi ukaja kuushikilia. Sioni sababu ya kila kijiji cha kusini kuanza palepale, kwa kuwa hatuna shida moja.

Kwa hali yako

Nyumba yenye mgonjwa wa kudumu ianze na bima, mwezi uleule malipo yanapoingia, kabla ya mabati. Chumvi ipunguzwe sambamba, na dawa isikatishwe hata mgonjwa akijisikia vizuri.

Nyumba ya vijana wasio na mgonjwa, inayoishi uwandani na kununua maji kwa ndoo: kama fedha inatosha jambo moja, mimi ningejenga kisima cha kuvuna mvua chini ya bati kabla ya lingine lolote. Maji ya uhakika ndiyo yanayoruhusu mwenendo mwingine wote.

Kijiji cha muhogo mchungu kifundishane njia ya bakuli na jamvi sasa, kabla ya miezi ya njaa. Inatosha mama mmoja aliyeijua aende nyumba kumi.

Wavuvi na vibarua waanze na akiba ya kikundi, shilingi kidogo kila siku au kila wiki kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, hadi mkupuo wa bima ufike. Wasisubiri mtu mmoja mmoja.

Mjini Mtwara na Lindi, kwa wenye mshahara na bima tayari, kazi iliyobaki ni mwenendo: soda ya kila mchana, chipsi za kila jioni, kutembea. Na kupima presha hata bila kuumwa.

Diwani au kiongozi wa kijiji asianze na kodi za kitaifa. Aanze na zile shilingi 90 za kila kilo, na orodha ya dawa zilizokosekana kituoni kwake.

Na kama ninyi ni chama cha msingi chenye tani za kutosha, hoja ya makato ya bima ipelekeni kwenye mkutano wa kabla ya msimu, hesabu ikiwa imeandikwa ubaoni ili kila mtu aone kilo zake na shilingi zake. Mnada wa kwanza ukishapita, kila shilingi imeshapangiwa kazi nyumbani, na hakuna atakayeinua mkono.